Waokoaji wa kujitolea warudi vipi kazini janga likiwa bado lipo? Njia tatu zikilinganishwa

Kikundi cha waokoaji wa kujitolea, wale wanaoitwa na kituo cha simu za dharura wamfikie mgonjwa kabla ya gari la wagonjwa, kikisimama kwa sababu ya janga, kikao chake cha kwanza baada ya miezi hiyo huwa na maneno mengi na swali moja: turudi au tusirudi? Upande mmoja wamekaa wale ambao simu zao zimenyamaza na dhamiri inawasuta. Upande wa pili wamekaa wenye mama mzee nyumbani, au wenye kisukari wao wenyewe. Wote wana hoja. Ila swali limeulizwa vibaya, kwa sababu kurudi si kitu kimoja. Kuna kurudi kwa kila mwito, kuna kurudi kwa miito michache iliyochaguliwa, na kuna kurudi bila kumgusa mgonjwa.

Wakati wa korona nilikaa kwenye vikao vya namna hii, kwanza kama mwokoaji wa kawaida, baadaye kama mkufunzi, nikaona jioni nzima nzima zikiishia kwenye mabishano ya nani jasiri na nani mwoga. Mizani niliyoishia nayo haimpimi mtu ujasiri. Ina vitanga viwili tu: dakika na pumzi. Ukimfikia mgonjwa kabla ya gari la wagonjwa, dakika ulizotangulia zinamfaa nini? Na ili zimfae, utavuta hewa anayoitoa kwa muda gani, na kwa ukaribu gani? Mahali dakika zinapokuwa nzito kuliko pumzi, nenda. Zinapokuwa nyepesi, kaa kwenye simu.

Wapo watakaosema kuna njia nyingine, kusubiri janga liishe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, likaiondoa dharura hiyo tarehe 5 Mei 2023. Hiyo ni miaka 3 na ushei. Kikundi cha kujitolea hakiwezi kulala muda wote huo bila mwito wala zoezi kisha kikaamka kama kilivyolala, kwa hiyo kusubiri sikuhesabu kama njia.

Kila mwito, miito teule, au mikono mbali

Njia ya kwanza ni kurudi kama zamani, ila na barakoa na gauni. Uzuri wake ni wepesi: anayepokea simu kituoni hana cha kuchambua, anaita kikundi kama alivyozoea. Ubaya wake huonekana baada ya wiki mbili. Aliyeteguka kifundo cha mguu anakula gauni moja, sawasawa na yule ambaye moyo wake umesimama. Boksi la vifaa linaisha, na katika janga, boksi likiisha halijazwi kesho. Pia kila mwito usio na haja unamweka mtu wako kwenye chumba cha mgeni bila mgonjwa kupata chochote cha ziada.

Njia ya pili ni kukubaliana na kituo cha simu za dharura orodha fupi ya miito ambayo kikundi kitaitwa, na mingine yote ibaki kwa wahudumu wa gari la wagonjwa. Orodha iwe imeandikwa na kituo ndicho kiichuje. Mwokoaji asiachiwe kuchagua akiwa mlangoni, kwa sababu mlangoni hakuna anayeweza kusema hapana.

Njia ya tatu ni mikono mbali. Mtu anapeleka mashine ya kushtua moyo hadi kizingitini na kuikabidhi, anasimama barabarani kulielekeza gari, anafungua geti, anawapigia simu wazee wanaoishi peke yao, anapeleka dawa. Wengi huidharau njia hii kwa kuwa haina kishindo. Nimewahi kumwona dereva wa gari la wagonjwa akizunguka mtaa mara mbili akitafuta nyumba isiyo na namba, kwa hiyo siidharau hata kidogo.

Hii hapa orodha yangu, kwa ugonjwa unaoenea kwa hewa kama korona:

| Mwito | Dakika zako zinafaa nini | Pumzi | Shauri langu |
|---|---|---|---|
| Moyo kusimama | Mno. Kila dakika bila kukandamiza kifua wala kushtua moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10 | Nyingi | Nenda |
| Kukabwa na kitu kooni | Mno | Nyingi, ila kwa muda mfupi | Nenda |
| Damu inayotoka kwa nguvu | Mno | Kidogo | Nenda |
| Kiharusi | Haraka inahitajika, lakini tiba iko hospitalini | Wastani | Simu |
| Homa na kushindwa kupumua | Kidogo, kama huna oksijeni | Nyingi kuliko zote | Usiende |
| Kaanguka, ana fahamu zake | Hutegemea | Wastani | Awamu ya baadaye |

Kiharusi ndicho kinachozua ubishi. Watu wanakumbuka, na ni kweli, kwamba ubongo unaokosa damu kwa kiharusi hupoteza takriban chembe milioni 1.9 za neva kila dakika. Kama ni hivyo, kwa nini tusikimbie? Kwa sababu mikono yako haifungui mshipa ulioziba. Kinachomsaidia mgonjwa ni mtu kutambua uso ulioshuka upande, mkono usioinuka na maneno yanayoburuta, kisha gari likaja haraka. Hayo yote mpokea simu anaweza kumwongoza ndugu aliye pale ayaangalie. Dharura kuwa ya haraka haimaanishi kwamba mwokoaji wa kujitolea ana la kuongeza.

Safu ya kushindwa kupumua ndiyo inayoniuma. Ndani yake mmejificha mwenye pumu ambaye dawa yake imeisha, na yeye hana korona hata kidogo. Kama kikundi chako kina oksijeni na ruhusa ya kuitumia, safu hii inabadilika na mnaweza kuiingiza mnapoendelea. Kama hamna, mtakachofanya ni kumshika mkono na kuvuta hewa yake kwa dakika ishirini. Uchungu wa kutokwenda ni mkubwa, na hakuna jedwali litakaloupunguza.

Kwenye moyo kusimama sina shaka, hata mwezi ule maambukizi yanapopanda. Watafiti wa eneo la King County, jimbo la Washington nchini Marekani, walifanya hesabu hiyo mwaka 2020 kwa mwokoaji asiye na vifaa vya kinga. Wakichukulia kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 ana virusi, kwamba uwezekano wa kumwambukiza mwokoaji ni asilimia 10, na kwamba asilimia 1 ya waokoaji walioambukizwa watakufa, matokeo yake ni kifo cha mwokoaji 1 katika kila matukio 10,000 ya kukandamiza kifua. Upande wa pili wa hesabu, kukandamiza huko huokoa zaidi ya watu 300 wa ziada katika matukio hayohayo 10,000. Ugonjwa mwingine utakuja na namba nyingine, nanyi mtairudia hesabu kwa namba hizo. Pia asilimia 1 ni wastani. Kwa mwokoaji wa miaka 68 haikuwa 1.

Na haja haikupungua wakati wa janga. Huko Lombardia, Italia, visa vya moyo kusimama nje ya hospitali viliongezeka kwa asilimia 58 katika siku 40 za mwanzo za mlipuko, kati ya Februari na Machi 2020, ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo kati ya njia tatu, mimi ni wa ya pili, nikiwa na ya tatu kwapani kwa ajili ya wale wasioweza kuingia nyumba za watu. Njia ya kwanza ningeiachia kikundi chenye ghala lililojaa na vijana tu, na kikundi hicho sijakiona.

Mlangoni: wote wavae, au mmoja atangulie?

Vikundi vingi hutumia nguvu zote kuchagua miito, kisha vikashikwa na jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Mlango uko wazi. Ndani mzee amelala sakafuni. Mwanawe amesimama kizingitini anakutazama ukihangaika kuchana kifurushi cha gauni, plastiki inateleza kwa sababu umeshatangulia kuvaa glavu, na miwani imepata ukungu kabla hujainama. "Jamani, mbona hamuingii?" anauliza. Kumjibu kwamba mnajikinga kwanza ni sahihi, na ni jibu lisilomwingia mtu ambaye baba yake hapumui.

Kuna namna mbili. Ya kwanza, wote wawili wavae kila kitu nje ndipo waingie. Inalinda vizuri, ni rahisi kuifundisha na kuisimamia. Gharama yake ni muda. Tulipojipima kwa saa, aliyezoea alivaa kwa dakika 1 na nusu, na asiyezoea alivuka dakika 4 akiwa bado anatafuta kamba ya mgongoni. Rudi kwenye ile asilimia 7 hadi 10 kwa kila dakika uone dakika 4 za mlangoni zimekula nini. Nusu ya faida ya kufika mapema inaweza kubaki palepale kwenye ngazi.

Namna ya pili, mmoja aingie mara moja akiwa na barakoa nzuri, miwani na glavu tu. Amfunike mgonjwa mdomo na pua kwa barakoa au kitambaa, awashe mashine, abandike pedi, aanze kukandamiza kifua. Mwenzake avae kamili nje, aingie, wabadilishane. ILCOR, kamati ya kimataifa inayotoa miongozo ya kufufua mtu, ilikubali mwaka 2020 kwamba yafaa kufikiria kuushtua moyo hata kabla ya kukamilisha mavazi ya kinga, pale faida inapoonekana kuzidi hatari, kwa kuwa mshtuo wenyewe haudhaniwi kurusha matone hewani kama kukandamiza kunavyoweza kufanya.

Nachagua namna ya pili, lakini ina masharti ambayo yakikosekana ni heri ile ya kwanza. Barakoa ivaliwe nyumbani kwako kabla ya kuondoka, ikiwa imeshakaguliwa kama imeshika uso. Usiivalie ngazini. Gauni lisikae kwenye plastiki yake ya kiwandani. Likunjwe upya, mikono juu, kamba zikionekana. Kabla ya goti kugusa sakafu, mmoja aseme kwa sauti: fungueni dirisha, wengine wote wasogee chumba kingine. Sentensi hiyo moja inafanya kazi kubwa kuliko aproni. Na waingie wawili, si watano. Zamani kikundi kizima kilikuwa kikijazana chumbani, watatu wakiwa watazamaji. Watazamaji hao janga limewafukuza, na kwa kweli hawakuwa na kazi hata kabla yake.

Anayefika peke yake je? Akandamize kifua, atumie mashine, asiguse masuala ya kupuliza hewa. Hana mwenza wa kumbadilisha, na akiwa amevaa barakoa nzito mikono itaanza kulegea kabla dakika 2 za kawaida hazijaisha. Ndiyo sababu ningependelea kituo kiite watu wawili hata kama wa pili yuko mbali kidogo.

Kupuliza hewa au kutopuliza

Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, mwokoaji wa kujitolea abaki na kifua na mashine. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kifua kiachwe kiinuke chenyewe kila mara. Mdomo kwa mdomo na mtu usiyemjua haupo wakati wa janga. Mfuko wa hewa unaominywa kwa mkono, wenye kichujio, ni kazi ya watu wawili: mmoja ashike barakoa kwa mikono yote miwili isivuje, mwingine aminye. Kikundi kisichoweza kufanya hivyo kwa uhakika kiuache mfuko garini.

Mtoto ni habari nyingine. Moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa sababu pumzi ilitangulia kukatika, na aliyezama majini ni hivyohivyo, kwa hiyo hewa ni sehemu ya tiba yenyewe. Hapa watu husahau jambo lililo mbele ya macho yao: mzazi aliyepiga simu amelala chumba kimoja na mtoto huyo wiki nzima. Pumzi zao zimekwisha kuchanganyika. Yeye apulize, wewe ukandamize, uhesabu kwa sauti.

Barakoa ya kawaida ya kitabibu au FFP2

Sitakaa sana hapa. Barakoa ya kitabibu huzuia matone yako yasimfikie mwenzako, lakini hupitisha hewa pembeni mwa mashavu. FFP2, barakoa ya kuchuja ya kiwango cha Ulaya, huchuja angalau asilimia 94 ya chembe ndogo, na N95, ya kiwango cha Marekani, asilimia 95, mradi zimegandana na ngozi. Ndevu zinaharibu kila kitu, na mwenye ndevu achague kati ya ndevu na zamu. Zenye valvu ni nyepesi kupumulia, ila hewa yako inatoka bila kuchujwa na kumfikia mgonjwa, kwa hiyo ziacheni. Kama mmejaliwa FFP2 chache, ziwekeni kwa ajili ya moyo kusimama na kukabwa, na ile ya kitabibu avae mgonjwa, na anayesubiri gari barabarani.

Mafunzo: skrini, uwanjani, au vyote viwili

Ujuzi wa kukandamiza kifua hufifia mapema, miezi 3 hadi 6 baada ya mafunzo, hata kwa watu waliokuwa hodari. Kikundi kilichosimama mwaka mzima kina vyeti, hakina mikono. Mwaka 2020 Chama cha Moyo cha Marekani kilirefusha uhai wa kadi za mafunzo ili watu wasikwame, na ilikuwa busara, lakini karatasi ndiyo iliyorefushwa. Misuli haikujua habari hiyo.

Mafunzo ya mtandaoni yana sifa zake. Watu huhudhuria zaidi, mwenye mtoto mgonjwa hakosi, na kanuni mpya zinamfikia kila mmoja kwa maneno yaleyale, jioni ileile. Mambo ya kuamua, kama orodha ya miito, maneno ya kumwambia ndugu mlangoni, au nini cha kuripoti kituoni, yanafundishika vizuri sana kwenye skrini. Nimeona yakieleweka kuliko darasani, kwa sababu mtu anasikiliza bila kuona haya ya kuuliza.

Kinachoshindikana ni kina. Niliwahi kuwaambia watu waweke mto sakafuni wakandamize mbele ya kamera. Mmoja wao, mtu mwenye bidii kuliko wote, alikuwa ameegemeza simu kwenye glasi. Nilichokiona ni utosi wake ukipanda na kushuka kwa mwendo mzuri kabisa. Mikono sikuiona. Nikamsifu. Tulipokutana uwanjani miezi miwili baadaye, mdoli wa mazoezi ulionyesha kwamba alikuwa akikandamiza sentimita 3, na viwiko vimekunjwa. Tangu hapo kwenye skrini sisifu kitu nisichokiona.

Hili si kusema mtu hawezi kujifunza nyumbani. Kumpa mtu video pamoja na mdoli mwepesi wa kujazwa upepo ni njia ambayo imejaribiwa kwa miaka mingi kabla ya korona, na kwa ukandamizaji peke yake hutoa matokeo yanayokaribiana na ya darasa. Mto hauna mrejesho wowote. Mdoli wenye kubofya unapofika kina unamsahihisha mtu bila mkufunzi. Kama kikundi kina fedha kidogo, zinunue midoli midogo mitano ya kuzungushwa kwa watu kabla ya kununua programu ya mikutano.

Ana kwa ana, kwa upande wake, ina hatari ambayo tuliielewa kwa kuchelewa. Mwaka 2020 tulikesha tukifuta meza, vitasa na miguu ya midoli, huku tumefunga madirisha kwa sababu ya kelele za nje. Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilieleza kwamba kugusa mahali palipo na virusi vya korona kuna uwezekano wa chini ya 1 katika 10,000 wa kukuambukiza. Hatari kubwa ilikuwa kwenye hewa tuliyokuwa tukihemea, na darasa la kukandamiza kifua ni chumba cha watu wanaohema. Kwa hiyo ukipima ukumbi na uwanja wa wazi, uwanja unashinda bila mashindano. Ikibidi kuingia ndani, mfungue pande mbili hewa ipite, na mkiweza kupata kipimo cha kabonidioksidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, ikivuka sehemu 800 kwa milioni mtoke nje mpumzike.

Midoli yenyewe: mmoja kwa mtu mmoja, kipindi chote. Åsmund Lærdal, mtengeneza midoli wa Norway, alipotengeneza mdoli wa mafunzo uitwao Resusci Anne mwaka 1960, alikusudia watu wajifunze kupuliza, na vizazi vya wanafunzi vimepuliza midomo ileile wakiifuta kwa spiriti. Wakati wa janga acheni kupuliza kabisa, au kila mtu awe na uso wake wa kubadilisha. Spiriti ya asilimia 70 inatosha kufutia, mradi mbaki mkiuona uso umelowa kwa angalau dakika 1. Wengi hupangusa na kukausha papo hapo, wakadhani wamemaliza.

Na kuna somo moja ambalo skrini haiwezi kulibeba hata kidogo, nalo ndilo ambalo ningelifanya la kwanza: kuvua. Kuvaa kila mtu anajua. Kuvua ndiko kunakoambukiza, kwa sababu kazi imekwisha, jasho linakutoka, unataka hewa. Tulifanya zoezi la rangi. Kila mtu alipakwa rangi ya maji ya bluu kwenye glavu na kifuani, akaambiwa avue kama kawaida. Mwokoaji wetu mkongwe, aliyekuwa akiwacheka wageni, alivua glavu vizuri, gauni vizuri, miwani kwa nyuma ya kichwa, vizuri. Kisha akajikuna shingo. Mstari wa bluu ulikaa pale chini ya sikio siku nzima, na hakuna hotuba ambayo ingefanya kazi ya mstari ule. Nilipomwuliza rangi ilifikaje kwenye vidole alivyokwisha kuvivua glavu, hakujua. Mimi pia sikuona.

Mpangilio wetu ni huu: glavu, sabuni au kitakasa mikono, miwani, gauni kwa kulikunja ndani nje, mikono tena, kisha mtoke, na barakoa iwe ya mwisho mkiwa nje. Mikono tena. Mwenza asimame mbele yako akisoma kila hatua kwa sauti, nawe usifanye hatua ambayo hajaisoma. Kuvua mbele ya mwangalizi kulizoeleka sana wakati wa mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda wawili, na hii ni nzito kuliko ile ya mikono kuchoka.

Uamuzi wangu kwenye mafunzo ni mseto, ila si nusu kwa nusu. Maamuzi na taratibu ziende mtandaoni kabla. Uwanjani iwe dakika 40, watu 6 kwa mkufunzi 1, hakuna hotuba, ni kukandamiza na kuvua tu. Kisha mrudie kila mwezi kwa muda mfupi badala ya siku nzima mara moja kwa mwaka.

Kipi kitangulie, na nani aingie

Shinikizo huwa la kurudi kwenye miito kwanza, mafunzo yafuate "tukishapata nafasi". Geuzeni. Mtu asiyevua vizuri mbele ya mwenza mara mbili mfululizo asiitwe. Ni wiki mbili za ziada, na kwa sehemu kubwa hazimgharimu mgonjwa, kwa kuwa kikundi kimeshasimama.

Kupima joto mlangoni kabla ya zamu msikuegemee sana. Mwenye korona anaweza kuambukiza takriban siku 2 kabla hajajisikia vibaya, na wapo wasiopata homa kabisa. Kinachosaidia zaidi ni desturi ya mtu kusema "leo niondoeni" bila kutoa maelezo, na katibu kumjibu "sawa" bila kuuliza. Katika kikundi kimoja nilichokifundisha, mama mmoja aliendelea na zamu akikohoa kwa sababu aliona aibu kuwa wa tatu kujitoa wiki hiyo.

Umri na maradhi ya kudumu vijadiliwe faragha, mtu mmoja mmoja. Wengi wa waokoaji wa kujitolea ni wastaafu, na ndio walio nyumbani mchana, saa ambazo vijana wako kazini. Ukiwaondoa wote, orodha ya zamu ina mashimo. Wapewe njia ya tatu kwa heshima yake kamili, na atakayesema anaelewa hatari na bado anataka kuingia, asikilizwe, ila baada ya kuulizwa anaishi na nani. Kabla ya hayo yote kikundi kipate jibu la maandishi: mwokoaji akiugua kazini, nani anamtibu na nani anamlipia? Wafanyakazi wa kuajiriwa mara nyingi wana jibu hilo. Wa kujitolea mara nyingi hawana, na hugundua wakiwa tayari wamelazwa.

La mwisho kwenye karatasi ni siku ya kurudi nyuma. Lipangwe mkiwa mmetulia, si siku ambayo mtu wenu amelazwa. Sisi tuliandika vigezo vitatu: seti za kinga zikipungua chini ya miito 10, waokoaji wawili wakiambukizwa ndani ya siku 14, au kituo kikisema. Kimoja kikitimia, kikundi kinashuka kutoka miito teule hadi mikono mbali, bila kikao. Tuliitumia karatasi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza watu walilalamika. Mara ya pili katibu alituma ujumbe wa mstari mmoja saa mbili usiku, waliokuwa zamu wakapewa namba za wazee wa kuwapigia, na mashine ya kushtua moyo ikakabidhiwa kwa jirani aliyekuwa karibu na barabara.